Bakuli la Zuwena

Tangu ang'olewe gego la mwisho, Shauri alikuwa hataki kula. Mkewe, Salme, alimpondea viazi, akavikataa. Akampikia mtori na kuupoza, naye akaonja kijiko kimoja tu, akageukia ukutani na shavu lake lililovimba.

Alasiri jirani yao Zuwena, mshona nguo, alibisha hodi akiwa na bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Nimesikia mgonjwa hali chochote," alisema. "Ni uji tu, dada. Umeshapoa."

Shauri akaunywa wote. Akapangusa ukingo wa bakuli kwa kidole, akakilamba.

Jikoni, Salme alionja tone lililobaki. Uji wa mchele, tui jepesi, chumvi badala ya sukari. Yeye mwenyewe ilimchukua miaka kujua kwamba mumewe hapendi uji wa sukari, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Ulikuwa mtamu?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Wa kawaida tu, mke wangu."

Salme akaliosha bakuli, akalifuta mpaka likang'aa. Kwao chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Aliyatazama mayai kapuni, akayaacha. Akaingia chumbani, akachomoa kwenye mfuko wa shati la Shauri kile kikaratasi alichotoka nacho kwa daktari. Akakifungua: gego lilikuwa bado na damu iliyokauka kwenye mizizi.

Akaliweka katikati ya bakuli, akalifunika kwa kitambaa kilekile cheupe, akajitanda khanga yake nzuri.

Cherehani ya Zuwena ilisikika tangu uchochoroni. Salme alipobisha hodi, ikanyamaza.