Mkoba Juu

"Mama, nilikuomba ubaki nyumbani!"

"Nami nilikataa. Nimejiandikisha kama wageni wengine."

"Basi acha kuwajibu wageni. Anayewatembeza ni mimi."

"Wajibu wewe, mwanangu, wakusikie! Sauti imekukwama kooni kama mwiba wa samaki."

Binti alinuna. Ilikuwa siku yake ya majaribio ya kazi ya kutembeza watalii, na bosi wa kampuni alikuwa kwenye kundi hilohilo, kofia usoni, akimpima. Chini ya mnara wa saa, wageni walikwisha kuanza kuchezea simu.

Nyumbani maneno ya ziara hii yalimtoka bila shida: binti akiyasema jikoni, mama akipiga pasi chumbani, akigonga ukuta kila sauti ilipofifia, mpaka aisikie tena.

Hapa hapakuwa na ukuta wa kugonga.

"Haya, naondoka," mama alisema.

"Unakwenda wapi sasa?"

Mama alikatiza uwanja mzima, akawatimua njiwa, akafika kwenye chemchemi upande wa pili. Akageuka na kuinua mkoba wake mweusi juu ya kichwa, mkono umenyooka.

Binti alimwona. Kicheko kilimponyoka, kisha akavuta pumzi.

"Mnara huu..."

Mkoba haukushuka.

"Mnara huu," alipaza sauti, "ulijengwa na mafundi ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na saa!"

Wageni waliangua kicheko. Simu zikarudi mifukoni. Bosi akasukuma kofia nyuma.

Kule kwenye chemchemi, mama aliushusha mkoba, akautia kwapani.