Shikamoo za Mzee Ngiri

Wanyama walipoanza kupanda pikipiki, Mzee Ngiri alijichagulia yenye kelele kuliko zote. Ilikunywa petroli kama nyati aliyelamba chumvi, na ilipopita, kijiji kizima kilibaki kikikohoa moshi.

"Kijiji hiki hakina adabu," alilalamika. "Napita kila asubuhi, hakuna hata mtoto anayeniamkia!" Basi akazidi kuvuta mafuta, angalau wageuke wamwone.

Siku moja aliishiwa petroli njiani. Digidigi akasimama na pikipiki yake ya umeme.

"Panda, mzee, nikufikishe."

"Hiyo isiyonguruma? Nani atajua kwamba nimepita?" Lakini jua lilikuwa kali, akapanda.

Walipoingia kijijini akasikia, "Shikamoo, Mzee Ngiri!" Alikuwa Kanga. Mara Kicheche, mara Nguchiro na wanawe wote: "Shikamoo, mzee!"

Ngiri akashangaa. "Leo wamepatwa na nini?"

"Kila siku wanakuamkia, mzee, tena huku wanakohoa," Digidigi akamjibu. "Wewe ndiye usiyewasikia."

Ngiri akamgusa bega.

"Geuza, mwanangu, turudi mwanzo wa kijiji. Nina shikamoo za mwaka mzima sijaziitikia."