Mayai Yaliyokataa Kuzama

Mama Redio, jirani wa ukuta mmoja, anaapa aliyaona kwa macho yake mawili. Trei nzima ya mayai ambayo binti Kimya aliyapeleka kuuza mkahawani ilitumbukizwa kwenye beseni la maji, na mayai yote yakaibuka juu kama vipara vya wazee wanaoogelea.

"Yai likielea ni viza!" alimtangazia baba yake Kimya kutoka juu ya ukuta. "Na hii ni mara ya tatu! Hao kuku wana mkosi, baba, wachinje. Mkahawa usikose mayai, mimi nina kuku wangu."

Baba alichukua kisu, akakinoa kwenye kizingiti, shwaa, shwaa.

"Mwanangu, kesho yakielea tena, wote kumi na mmoja ni mchuzi."

Kimya alikuwa amewalea kuku hao tangu wakiwa vifaranga ndani ya boksi la viatu. Hakulia. Asubuhi alichuchumaa bandani na kupokea mayai mkononi, moja moja, yakitoka na joto lake. Yalifika tisa. Akayatia kwenye ndoo ya maji mbele ya baba yake. Yote tisa yakazama na kulala chini, kimya kama mwenyewe.

"Umeona, baba?"

"Nimeona. Lakini ndoo yangu hainunui mayai. Nenda kwa mwenye beseni."

Mwenye beseni alikuwa mpishi, kijana mrefu ambaye nyusi zake hazikosi unga. Beseni alilijaza mwenyewe, na ole wake atakayeligusa. Akalichukua yai la kwanza kwa vidole viwili, akaliachia.

Likaelea.

La pili nalo. Yakafika tisa, yakawa yanagongana mgongo kama watoto waliofunguliwa mlango wa shule. Dirishani, Mama Redio alipiga kigelegele.

"Pole sana, dada," mpishi alisema kwa huzuni kubwa kuliko msiba wenyewe. "Itabidi urudi jioni na mengine."

Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Jioni mpishi hupokea mayai mapya bila hata kuyaonyesha maji. Humvutia Kimya kiti, humtilia chai kwenye kikombe pekee chenye mkono, kisha huulizia hali ya kuku mmoja mmoja, kwa jina, mpaka chai inapoa na kupashwa tena.

Asubuhi hiyo hata hakungoja jioni. "Yule Chongo, amepona mguu?"

"Chongo anangoja kisu," Kimya alijibu. "Wote wanangoja kisu. Baba ameapa."

Mpishi alibadilika rangi. Akayaopoa mayai haraka haraka, akabeba beseni kwenda kumwaga maji mlango wa nyuma. Kimya akamfuata. Uani kote majani yalikuwa mabichi, yamestawi, isipokuwa pale mpishi anapomwaga maji yake. Hapo yalikuwa yamekauka, manjano, kama yamechomwa.

Sauti ya shangazi yake mpishi, mwenye mkahawa, ikapasuka kutoka stoo.

"We mtoto! Chumvi imekwisha tena? Juzi tu nimeleta kilo tano! Humu tunapika au tunakausha samaki?"

Mpishi akasita kumwaga, beseni bado limejaa mikononi.

Kimya alitia kidole kwenye maji. Akakilamba: maji mazito ya chumvi, ambamo hata yai zima huelea. Akakunja uso, halafu uso ukakunjuka wenyewe, polepole, mpaka meno ya mwisho yakaonekana.

"Kaka," alisema, "kuku kumi na mmoja wananitegemea, na baba yangu mkono wake mwepesi. Hilo unaloshindwa kuniambia kila jioni, niambie sasa hivi."