Kalamu ya Mashoto

Bi Tamasha alijitua kwenye kibao cha fundi kalamu kama mzigo. Tangu asubuhi kalamu yake ilikuwa imechana karatasi tatu, na barua ya sikukuu ya Idi kwa binti yake aliye mbali haikuwa na hata salamu.

"Kitendawili," alisema kwa uchovu.

"Tega, mama," akajibu fundi Shekue.

"Ulimi umepasuka katikati, na bado wasema."

"Nibu hiyo. Hebu ilete."

Fundi akaikagua kwa kioo chake. "Hii ni dhahabu, na dhahabu ni laini. Ila hapa nchani wamechomea punje ya madini magumu kuliko chuma. Hata hiyo imelika, tena upande mmoja. Nani alikuwa akiiandikia?"

"Marehemu mume wangu. Mashoto yule! Chuoni kwa maalimu walimchapa aache mkono wa kushoto, mpaka wakachoka wao."

"Basi miaka yote hiyo ameichonga kwa mkono wake, ndiyo maana yakukwaruzia. Nikiisugua kidogo itakufuata wewe. Lakini mkono wake utaondoka, mama, na haurudi."

Akachukua msasa. Bi Tamasha alikuwa amechoka kweli, na neno "sugua" lilikwisha fika mdomoni.

"Ngoja kwanza, baba."

Akaitwaa kalamu, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaandika kwenye karatasi ya fundi. Herufi zikatoka zimelala, kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza: Mwanangu. Karatasi haikuchanika.

Fundi akabaki ameushika msasa, na wino ukaendelea kushuka polepole.