Kitanda cha Zawena

Sheria ilimtaka kila mbunifu akijaribu kifaa chake kwanza kwa mtu wa nyumbani kwake, siku arobaini. Zawena, mama kijana, alibuni kitanda kinachombembeleza mtoto chenyewe. Alikichora upya mara hamsini, akikipima kwa mfuko wa mchele, kwa kuwa aliamini kifaa kizuri humpumzisha mtu. Kisha, kwa hofu, akamlaza mwanawe Jabu.

Siku ya arobaini alipomnyanyua amnyonyeshe, Jabu alipiga kelele, akakinyooshea kitanda mikono.

“Naomba kisitengenezwe kwa ajili ya watoto wengine,” Zawena alimwambia mkaguzi wa serikali aliyekuja kukipitisha.

“Kina kasoro gani, dada? Mtoto analala vizuri.”

Mkaguzi akapiga muhuri wa kukiidhinisha, akaondoka. Jabu aliendelea kulia. Zawena aliogopa kumrudisha kitandani, akaogopa pia kuendelea kumshika.