Mgeni wa Jicho

Sheria inataka hivi: ukitibiwa kwa fedha za umma kwa seli za kiinitete, mama aliyekitoa hukutembelea mara moja kwa mwaka, na bila ruhusa yake daktari haendelei. Mume wangu Zefania alikuwa ameponywa jicho moja. La pili lilikuwa likififia.

Bi Yusta, mama wa kiinitete kile, alikuja Jumapili. Hakugusa chai. Alilitazama lile jicho lililopona mpaka nikaanza kupanga upya vikombe.

"Tuombe kwanza, dada," nikasema.

"Ombeni. Ila wewe, shemeji, usifumbe macho."

Zefania akacheka. "Mungu ataniona mkaidi."

"Atakuelewa. Mimi nina siku moja tu."

Nikaomba, nikamwomba Bwana ailainishe roho ya Bi Yusta. Nilipochungulia, alikuwa akitabasamu kama anayemtazama mtoto akiamka.

"Hilo la pili nimekubali," akasema taratibu. "Lakini mwaka ni mrefu. Nitakuwa nakuja kila Jumapili."

"Karibu, dada," nikajibu, maana nilitaka mume wangu aone.

Zefania akanigeukia kunishukuru. Jicho linalofifia lilinitazama mimi. Lile lililopona lilibaki kwa Bi Yusta.