Pumzi ya Silinda ya Kwanza

Injini ilikohoa, ikatema moto kwenye kabureta, ikazima. Getini, wanunuzi wa vyuma chakavu walikwisha kukunjua mnyororo.

"Mzee Sufiani, hicho ni kikohozi cha kuaga dunia," mmoja alimtania.

Sufiani akainama tena kwenye injini. Miaka yote aliyoiunda upya injini ile uani, mkewe alianika nguo kwa kulizunguka gari. Jana alichoka, akawaita watu hawa. Sufiani akaahidi: lisipowaka leo, walichukue.

Akachomoa plagi ya silinda ya kwanza. Kazi iliyobaki ilitaka watu wawili.

"Mama Zaituni, njoo uzibe tundu hili."

"Mimi niliyewaita hawa?"

"Wewe."

Alikuja amenuna, akaziba kwa kidole gumba. Sufiani akaizungusha injini taratibu kwa spana.

"Hamna kitu humu." Kisha akashtuka. "Baba Zaituni, inanisukuma! Inapumua!"

Sufiani akafungua kifuniko cha distributa. Rota inayogawa cheche ilielekea silinda ya nne badala ya hii ya kwanza yenye pumzi. Alikuwa ameifunga kinyume, cheche zikaja pumzi ikiwa imekwisha kutoka. Akaigeuza, akarudisha plagi, akaketi nyuma ya usukani.

Watu wa mnyororo wakasogea. "Inatosha, mzee."

"Hebu simameni hapo!" Mama Zaituni aliwapa mgongo, akashika bampa kwa mikono miwili kama anayemzuia mtu asichukuliwe, akamkazia macho mumewe kupitia kioo.

"Washa."

Sufiani akazungusha ufunguo.